Kukwepa Bei kwa Adabu: Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta Moja

Sogea hapa barazani. Mvua ya hapa Suma, Rungwe, haina haraka ya kukatika, na haya si maneno ya kupigia kelele gulioni. Una kompyuta moja, printa moja na kibao ulichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kadi za harusi. Programu unazihitaji, bei zake huzitaki. Hata mimi sizitaki. Nitakupa njia zote za mkato ninazozijua, na hakuna hata moja itakayokufanya uifunike laptopu kwa khanga mtu mwenye kitambulisho shingoni akipiga hodi.

1. Jua kwanza unachokikwepa.

Mkungu wa ndizi unatoka Suma kwa bei moja, unafika Tukuyu mjini kwa bei nyingine, na ukishushwa kwenye soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, Dar es Salaam, bei yake aliyeulima haitambui tena. Hilo tunalielewa. Kuna lori, dizeli, ushuru wa mazao, vijana wa kupakia na kushusha, na ndizi zilizoiva zikiwa bado Makambako. Programu haipandi lori. Nakala ya milioni moja haimgharimu mwenye nayo zaidi ya nakala ya pili, na hakuna iliyowahi kuozea njiani.

Kwa hiyo usidhani bei yake ilipimwa kwenye mzani. Ilipimwa kwa kukutazama wewe: unaishi nchi gani, umeshika mashine gani, una haraka kiasi gani, unapenda kuonekanaje. Kazi yako kuanzia leo ni kuchagua mkao utakaotazamwa nao.

2. Usiibe.

Najua bei ya fundi. Unampelekea laptopu na noti ya elfu kumi, anakupigia Windows, anakuwekea Word, Photoshop na antivairasi, na kiti cha kusubiria anakupa. Mpokelee ukarimu wake, halafu muulize swali moja kwa upole.

"Kaka, hii Windows uliyoniwekea, mwenyewe nani?"

"Wewe, mama. Ila ikikuambia uisasishe, usikubali."

Jibu hilo lisikilize vizuri. Ili kraki, yaani kifaa cha kuvunjia kufuli la leseni, ikubali, fundi alizima kwanza ulinzi wa kompyuta, akaingiza hadi chumba cha ndani kitu kilichoandikwa na mtu asiyejulikana, kisha akakukataza kufunga mlango. Kwenye kompyuta hiyo ndipo watu watachomeka flashi zao: mwalimu na mitihani, kijana na namba yake ya NIDA, mama mjane na barua za mirathi.

Nilipokuwa nafundisha, nilipeleka flashi yenye mtihani wa nusu muhula kwenye duka moja la kopi. Nilichapisha kurasa mbili tu. Niliporudi, kila kabrasha lilikuwa limegeuka shotikati, na kabla sijaelewa nilikuwa nimeifungua kwenye kompyuta ya shule. Wanafunzi waliufanya mtihani kwa kuunakili kutoka ubaoni. Duka silitaji, na mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigiwa Windows, basi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtazama kwa jicho kali zaidi anayevunja haki hizo kibiashara. Ukiweka kibao mlangoni, wewe ni biashara.

Lakini sababu inayoniuma zaidi ni nyingine. Mwizi wa programu anadhani amemshinda mwenye mali. Bill Gates aliandika barua ya wazi mwaka 1976 akiwalalamikia waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa ameshapiga hesabu nyingine. Alieleza kwamba Wachina hawalipii programu, ila kama lazima waibe, basi na waibe za kwake: watazizoea, na siku moja itapatikana namna ya kuwatoza. Umesikia? Kila usiku unaoutumia kujifunza Photoshop ya kraki, unajisomesha kwa bando lako mwenyewe ili uje kuwa mteja wa walioitengeneza. Huko si kukwepa, ni kujipeleka.

3. Kabla ya kununua, angalia kama tayari unayo.

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamnyima kila mtu faida isipokuwa wewe. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba, HP, Dell na Lenovo zilizostaafu maofisini huko nje. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, mashine zinazotoka kiwandani zikiwa na Windows hubeba namba ya leseni ndani ya mazabodi. Leseni hiyo ilishalipiwa, na mlipaji ni ofisi iliyoitupa mashine. Inasafiri na mashine, na haiulizi imefika Ulaya au Suma.

Fundi akipiga Windows ya kraki juu yake, ni kama kukodi baiskeli huku pikipiki yako iko zizini. Fanya hivi. Uliza au angalia kama mashine ilitoka kiwandani na Windows 10 au 11. Tambua toleo lake, Home au Pro. Subiri bando la usiku, maana faili ni kubwa, ipakue Windows kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, ambako kuipakua ni bure, kisha weka toleo lile lile ulilolikuta. Unganisha intaneti. Itajitambua. Hakuna kraki, hakuna namba ya kunakili, hakuna wa kukuambia usisasishe.

Ila fahamu kwamba leseni ya namna hii imefungwa kwenye mashine hiyo hiyo. Ikifa, inazikwa nayo. Ile inayonunuliwa dukani peke yake inaweza kuhamia mashine nyingine, ndiyo maana ni ghali zaidi.

Na wale wanaokuuzia "namba halali" kwa dola tano mtandaoni, waache. Nyingi ni namba za mashirika makubwa zilizogawiwa watu wengi kuliko zilivyoruhusiwa. Inakubali leo, inafungiwa siku una kadi mia tatu za harusi za kuchapa.

4. Yape majivuno yako chakula cha bei nafuu.

Usiyakane. Sote tunayo, na wauzaji wa programu wanayajua kuliko mchungaji wako. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni karibu dola 200. Tofauti ni kama dola 60, na tukihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili isitusumbue, ni shilingi 150,000. Unapata nini? Mambo ya mitandao ya maofisi, kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kufunga diski kwa njia pana zaidi. Kwa mwenye kompyuta moja chini ya bati moja, sehemu kubwa ya dola 60 hizo ni neno Pro.

Kwa hiyo yalishe majivuno kwa kitu kingine. Weka picha ya Mlima Rungwe asubuhi isiyo na mawingu kwenye skrini. Nunua karatasi nzito ya kadi. Laminisha orodha ya bei. Hakuna mwalikwa aliyewahi kuigeuza kadi ya harusi nyuma kutafuta ilichorwa kwa programu gani, lakini wote huipima unene kwa kidole gumba.

Na ukibadilisha bei za kigeni, usiishie kwenye shilingi. Zigawe kwa bei ya kilo ya majani mabichi ya chai wiki hiyo, au kwa mkungu wa ndizi hapo shambani. Shilingi zinaweza kukudanganya, mikungu haidanganyi. Ukiona programu ya kupunguza ukubwa wa picha inataka lori zima, utajua la kufanya.

5. Zunguka nyumba kabla ya kubisha hodi.

Programu moja ina milango mingi, na kila mlango una mtoza kiingilio wake. LibreOffice, inayofanya kazi za Word na Excel, ni bure ukiipakua kwenye tovuti ya wenyewe. Septemba 2022 waliiweka kwenye duka la programu za Mac kwa euro 8.99. Krita, ya kuchora, ni hivyo hivyo: bure kwenye tovuti yake, ya kulipia kwenye duka la Microsoft na kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta. Wala si ulaghai, fedha hiyo inawasaidia wanaoiandika na wanalisema wazi. Aliye nayo apite mlango wa mbele. Wewe ambaye bado unalipia printa kwa awamu, pitia uani, hakuna atakayekufokea.

Mashine uliyoshika mkononi nayo ina bei. Mtandao wa X, wakati huo ukiitwa Twitter, ulipoanza upya kuuza alama ya buluu Desemba 2022, aliyelipia kwenye tovuti alitozwa dola 8 kwa mwezi, na aliyelipia ndani ya iPhone dola 11. Alama ni ile ile. Dola tatu zilizoongezeka zilitokana na mlango, kwani Apple hukata hadi asilimia 30 ya malipo yanayopitia duka lake. Hivyo jizoeze: ukikuta programu inakudai ndani ya iPhone, funga, fungua tovuti yake kwenye kivinjari, linganisha.

Wakati mwingine simu duni ndiyo inayopendelewa. Mwaka 2021 Netflix iliwafungulia Wakenya mpango wa kutazama bure, ila kwa wenye simu za Android tu. Wenye iPhone walibaki nje na hadhi yao. Mlango huo ulifungwa Novemba 2023, na waliouwahi waliuwahi. Word nayo, kwa matumizi yako binafsi, inakuruhusu kuandika bure kwenye simu au kishikwambi kisichozidi inchi 10.1, ilhali ile ya kuweka kwenye kompyuta inataka ulipe. Barua yako kwa mtendaji wa kata iandike kwenye simu ukiwa unasubiri gari Katumba. Mtendaji hapimi skrini.

6. Soma neno "kwa mwezi" kama unavyosoma mkataba wa shamba.

Zamani ulinunua programu, ikawa yako mpaka kompyuta ife. Adobe, wenye Photoshop, walitangaza Mei 2013 kwamba nguvu zao zote wanazihamishia kwenye kukodisha. Mkusanyo wao wa CS6 wa mwaka 2012 ukawa wa mwisho katika ukoo wake kuuzwa kabisa. Wengi wakafuata. Kukodi kuna watu wake: aliye na kazi kubwa ya miezi miwili akodi, amalize, arudishe. Wewe ambaye utachapa barua hadi uzeeni, hesabu kwanza.

Microsoft 365 ya mtu mmoja, yaani Word na wenzake wa kukodi, ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka nchini Marekani, na Januari 2025 ikapanda hadi dola 99.99. Kwa miaka mitano hizo ni dola 500 kasoro senti, kama shilingi 1,250,000, na mwaka wa sita usipolipa huna kitu. Office 2024, inayonunuliwa mara moja, ni dola 149.99. Usikimbilie hapo, nimekuona ukitabasamu. Hiyo inaitwa Home, na jina ni sharti: ni ya nyumbani. Mwenye kibao mlangoni anatakiwa ile ya Home & Business, dola 249.99, kama shilingi 625,000, kwa kompyuta moja, iwe ya Windows au Mac. Ukiamua kulipia, lipia hiyo, lala usingizi. Bado ni nusu ya kukodi miaka mitano.

Na ukikuta VAT imeongezwa kwenye bei ya huduma ya kidijitali kutoka nje, hiyo usiikwepe. Lami tunaidai kila siku.

7. Usijifanye Mturuki.

Utaambiwa na vijana wajanja wa Uyole kwamba programu hii ni nusu bei Uturuki, kwa hiyo washa VPN, jitie Istanbul, lipia. Wazo si la kijinga. Bei za nchi zinatofautiana kweli, na wenye nguvu huumia pia. Mwaka 2013 kamati ya Bunge la Australia iliwaita Apple, Microsoft na Adobe waeleze kwa nini Mwaustralia analipa zaidi ya Mmarekani kwa kitu kinachopita kwenye waya. Chama cha kutetea walaji huko, CHOICE, kilikuwa kimeshaonyesha kwamba kwa toleo moja ghali la Visual Studio ingekuwa nafuu kumwajiri mtu, kumpeleka Marekani na kumrudisha kwa ndege, mara mbili, kuliko kulinunua pale pale nyumbani.

Tatizo la njia ya Mturuki ni mwisho wake. Watu wengi mno walijifanya wakazi wa Uturuki na Argentina kwenye Steam. Tarehe 20 Novemba 2023 Steam, ikitaja kuyumba kwa sarafu hizo, iliacha kuuza kwa lira na peso, ikahamia dola. Wajanja walihama. Watoto wa Ankara na Buenos Aires walibaki na bei mpya ambayo mishahara ya wazazi wao haiifikii. Hilo ndilo linalonifanya niikatae njia hii hata kabla ya kuogopa kukamatwa: punguzo la maskini lina ukubwa wake, na ukiliingia kwa kujidanganya unamtoa mwenyewe.

Kukamatwa nako kupo. Katikati ya mwaka 2024 YouTube ilianza kuwafutia usajili walionunua kwa kujifanya wako nchi nyingine. Na hapa kwetu, Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba anayetumia VPN aisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Fikiria kuandika fomu hiyo, sababu ya matumizi: kuwa Mturuki.

Afadhali uwe Mtanzania anayeuliza kwa sauti. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na aliyetaka ulinzi wa mwaka mmoja zaidi aliwekewa bei ya dola 30, au atoe alama 1,000 za zawadi za Microsoft, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Vyama vya walaji vya Ulaya vikapiga kelele. Septemba 2025 wakazi wa nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya wakapewa ulinzi huo bure bila masharti hayo, wakabakiwa na kuingia kwa akaunti tu. Windows ni ile ile, mwaka ule ule. Hawakuwasha VPN. Waliandika barua.

8. Jifunze kushindwa wiki moja.

Hapa ndipo wengi wanaponiacha, kwa hiyo kaa. Hebu tuseme Windows 11 imekushinda. Mashine yako ya zamani haina kile ambacho Windows 11 inadai, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na fedha ya nyingine huna. Kubali. Iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, weka LibreOffice, uanze wiki ya aibu.

Siku ya kwanza mwalimu ataleta mtihani ulioandikwa kwa Word, utaufungua, na swali la nne litakuwa limehamia ukurasa wa pili. Atakutazama. Usijitetee. Mara nyingi kosa ni mwandiko: faili linataka Calibri, kompyuta yako haina, ikaweka herufi pana zaidi. Weka mwandiko wa bure uitwao Carlito, ambao herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Caladea badala ya Cambria. Swali la nne litarudi nyumbani. Kisha mfundishe mwalimu, kwa heshima yote, "Shikamoo mwalimu, kesho uje nayo ikiwa PDF," na hutamwona akikutazama vile tena.

Siku ya tatu utatafuta kitufe ambacho hakipo pale kilipokuwa. Siku ya tano utakipata. Siku ya saba umeshinda, na bei uliyolipa ni wiki.

Usidhani programu za bure ni jambo geni lililoletwa na mvua ya jana. Desemba 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure zenye menyu za Kiswahili, kazi iliyofanywa pamoja na wataalamu wa Sweden. Watu walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Microsoft nayo ikaja na sura ya Kiswahili ya Office 2003 na Windows XP, na mimi sidhani ilikuwa bahati tu kwamba kitu cha kulipia kilijifunza lugha yetu karibu na wakati ambapo cha bure kilianza kuizungumza. Mwaka huo huo wa 2004 Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, alianzisha Ubuntu, Linux nyingine ya bure, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakiituma kwenye sidii kwa posta hadi mlangoni kwa yeyote aliyeomba, bila kumtoza hata stempu. Jina lenyewe ni ndugu wa utu.

Inaniuma kwamba vijana wengi wa Tukuyu wanaijua kraki ya Photoshop na hawajawahi kusikia kwamba Kiswahili kilipewa ofisi yake kamili miaka zaidi ya 20 iliyopita. Waambie.

9. Kwa wenye studio, haraka haraka.

Kadi na mabango: Inkscape na GIMP ni bure siku zote, na tangu tarehe 30 Oktoba 2025 Affinity, iliyokuwa ya kununua, imekuwa bure baada ya kuingia mikononi mwa kampuni ya Canva. Inataka ufungue akaunti. Video za harusi: DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha, la kulipia ni dola 295 mara moja. Kufunga mafaili: acha kuitumia WinRAR ya siku 40 kwa mwaka wa tisa, weka 7-Zip.

Kwaya ndizo nitakazotulia nazo kidogo, maana Rungwe bila kwaya sijui ingekuwa wapi. Kama unarekodi, FL Studio inauzwa mara moja na matoleo yote yajayo ni bure, tena leseni ile ile inafanya kazi kwenye Windows na Mac. Ukipata mkupuo wa fedha za Pasaka, huo ni ununuzi wa maana. Reaper, ya kurekodi pia, inakuuliza kipato. Kama biashara yako haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, unalipa dola 60. Ukizidi, dola 225. Unaijaribu siku 60 kwanza. Hakuna anayekuja kukagua daftari lako. Wamekuamini. Muuzaji wa namna hii usimkwepe, hata kama unaweza, na hapa hasa kwa sababu unaweza.

10. Lipa pale usipodaiwa.

Sasa umekwepa karibu kila kitu. Windows ilikuwa imeshalipiwa, au umeweka Linux. LibreOffice imeingia kwa mlango wa uani. Hesabu ulichookoa, chukua sehemu ndogo tu, shilingi elfu tano au kumi, na mara moja kwa mwaka uitume kwa hiari kwa walioiandika. LibreOffice iko chini ya The Document Foundation, kule Ujerumani. Wanapokea michango, na kadi ya mtandaoni ya simu yako inatosha kulipia. Fanya hivyo msimu wa mavuno, mkono ukiwa mwepesi.

Risiti itakuja kwa barua pepe. Ichape kwa rangi, kwenye ile karatasi nzito ya kadi za harusi. Ilaminishe. Ibandike ukutani kando ya leseni ya biashara, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri kopi zake na mvua ipungue, na akiuliza ni ya nini, mwambie taratibu huku printa ikiendelea.